Paa Lililoondoka na Matofali Yake

Kazi yangu ni kufika mahali baada ya upepo kuondoka. Nikimwambia mtu hapa Johannesburg kwamba napima tornado, ananitazama kwa heshima nisiyoistahili, akidhani nasimama mbele ya kile kimbunga chenye mkia nikiwa na chombo mkononi. Sijawahi kukiona hata kimoja kikipita. Vyombo vya kupima upepo viko viwanja vya ndege, na tornado ya mashambani haiendi uwanja wa ndege ili mimi nipate kazi rahisi. Ninachopima ni kilichovunjika. Naangalia mti umekatika wapi, ukuta umelalia upande gani, bati limesafiri hadi wapi, kisha nafanya anachofanya mpishi anapoonja mchuzi wa mwenzake ili ajue umetiwa nini. Upepo wa nguvu gani ungeweza kufanya hivi? Mwisho natoa daraja, kuanzia sifuri hadi tano, na daraja hilo linaenda kwa watu wa hali ya hewa na kwa wale wanaoamua nyumba za mashambani zijengwe vipi.

Inasikika rahisi. Tatizo la kwanza ni kitabu chenyewe cha madaraja. Kiliandikwa ng'ambo na watu ambao nyumba zao nyingi ni za mbao. Kina ukurasa wa moteli, ukurasa wa duka kubwa la jumla, ukurasa wa nyumba za kuvutwa na gari. Hakina ukurasa wa msonge wa Kizulu wenye paa la nyasi, wala wa nyumba ya bloku iliyojengwa na mkwe wakati wa likizo. Kila mwaka nalalamika, na kila mwaka naambiwa nitumie busara. Basi naitumia, ingawa busara yangu ina hasira kidogo.

Tatizo la pili ni usafi. Kijiji kikipigwa, majirani hawasubiri mtu kutoka ofisi yetu ya Midrand. Wanakuja na majembe, fagio na sufuria za chakula, na mimi nikifika nakuta ua umefagiliwa ukabaki na mistari ya ufagio, mbao zimepangwa kwa urefu, mabati yamenyooshwa kwa nyundo, na bibi wa boma ananiletea chai akiomba radhi kwa fujo. Fujo ipi? Ushahidi wangu wote umepangwa kwa urefu! Hapo najikuta nimewakasirikia watu na kuwapenda kwa wakati mmoja, nakunywa chai yao, na nauliza kwa upole ubao huu ulikuwa umelala wapi kabla hujaokotwa.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilianzia getini kwetu. Askari wa mchana katika jengo la ofisi zetu ni Mkongomani wa Lubumbashi, mwanamume mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Tulizoea kutaniana kila asubuhi. Mimi humwambia Kiswahili chake kimesafiri kwa treni ya shaba, naye huniambia changu cha Nakuru kimefunga tai. Nilijua anaishi Malvern, karibu na barabara ya Jules, na kwamba siku zake za mapumziko ni fundi wa kujenga. Askari ni kwa ajili ya mshahara, aliniambia siku moja, lakini fundi ndiye yeye mwenyewe.

Asubuhi hiyo hakunitania. Alikuja hadi kwenye dirisha la gari akainama.

"Mama, banasema unaenda ku KwaZulu, kule upepo ilipita."

"Naenda kesho. Kwa nini?"

"Kule kuko nyumba moja, nilijenga mi mwenyewe na hii mikono. Ni ya bazazi ba mke wangu. Paa yote ilienda. Mama mkwe alivunjika mkono."

Nyuma yangu gari lingine lilipiga honi. Nikamwashiria dereva wake avute subira.

Alinieleza kwa maneno machache. Mkewe ni Mzulu, anasuka nywele pale pale Jules. Mahari alikuwa amelipa yote, lakini kwa hiari yake akaongeza nyumba, akaijenga likizo baada ya likizo, kwa sababu alitaka wakwe waseme huyu mgeni ni mtoto wetu. Siku mbili tatu baada ya upepo, baba mkwe alimpigia simu binti yake. Alisema Krismasi aje na watoto, lakini yule mtu abaki huko huko aliko. Ndivyo alivyomwita, yule mtu. Tangu siku hiyo fundi alikuwa amewarudishia wateja wake simenti yao, na mwiko wake aliuweka chini ya kitanda.

"Minataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Kama ni kazi yangu njo ilimuvunja mama ule mkono, uniambie. Usinifiche."

"Sitakuficha. Na nikiona ulijenga vibaya nitaandika hivyo, hata kama itakuuma."

"Njo vile minataka, Mama."

Mwenzangu wa kawaida alikuwa kitandani na mafua, na nina ruhusa ya kuajiri mtu wa kunishikia futi. Nikamwajiri fundi. Nilimwambia wazi mkubwa wangu huyo ni nani na moja ya nyumba ni ya nani, akaniambia yale yale ya siku zote, nitumie busara.

Tuliondoka na bakkie, ndivyo pikapu inavyoitwa huku, na hadi tunaanza kushuka mlima wa Van Reenen fundi alikuwa ameshanijengea nyumba ile yote kwa maneno. Nilijua msingi una kina gani, mchanga ulitoka mto gani. Aliposema juu ya mabati, uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza. Alichagua yale yanayong'aa kuliko yote. Kwao Lubumbashi bati likimeta hadi barabarani, watu wanajua pale pana mkwe mwenye heshima.

"Na mama mkwe alifurahi?"

"Mama mkwe ni mtu wa adabu sana. Kwa desturi yao, yee na mi hatuongee uso kwa uso. Akinipita, anajifunika shali. Lakini siku ya kumaliza, aliniwekea mkebe ya rangi chini ya ngazi. Rangi ya kijani. Nikaelewa. Nikapaka mulango, nikapaka madirisha. Nilirudilia mpaka mulango ikakuwa laini kama sahani."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Si nimekuambia, desturi."

Nilicheka, naye akacheka, na kwa kitambo tulikuwa watu wawili wanaokwenda matembezini.

Bondeni kicheko kilikwisha. Njia ya tornado ukiiona ardhini huwezi kuisahau. Upande huu mahindi yamesimama, upande ule yamelala, na katikati ni mpaka ambao ungedhani mtu ameuchora kwa rula. Tulianzia mwanzo wake, kijiji cha juu, tukashuka nao boma kwa boma. Yeye alishika kichwa cha futi, mimi niliandika. Tulipima miti iliyong'oka na miti iliyokatika, maana ya kung'oka na ya kukatika si moja. Mti wenye mizizi mifupi kwenye udongo uliolowa hauhitaji upepo mkubwa. Tuliona msonge mmoja umesimama mzima, nyasi zake zote mahali pake, na hatua chache kutoka hapo choo cha bati kimebebwa na hakijulikani kilipo. Mwenye choo aliniuliza kama nimekiona njiani. Kila boma tulipewa chai, na kila boma fundi alikuwa mtu wa kwanza kuweka kikombe chini na kusaidia kunyanyua boriti.

Boma la wakwe lilikuwa la mwisho, chini ya mlima, juu tu ya shamba la mikaratusi. Kwa Wazulu huingii ndani ya boma upendavyo. Unasimama nje ya geti, unapaza salamu, unangoja uitwe. Nilipaza salamu. Mzee alitoka akiwa na ovaroli la bluu lililofifia, akanisalimu vizuri kwa Kizulu, nami nikajibu kwa Kizulu changu cha miaka mingi ambacho bado kinachekesha watu. Akanifungulia geti. Kisha akalifunga nyuma yangu, na mkwe wake alipoinamisha kichwa kumwamkia, mzee alimtazama kama inavyotazamwa nguzo.

Fundi aliweka mkono juu ya nguzo ya geti akabaki nje. Mtu ambaye kutwa anawafungulia wengine geti, nikawaza kwa hasira. Lakini boma si langu.

Nyumba ilikuwa kuta tupu chini ya mbingu. Mlango ulikuwepo, mahali pake, kijani kibichi kilichonyooka bila hata mkwaruzo, na ulipofunguliwa haukulia. Ndani, ufagio wa watu wenye adabu ulikuwa umeniwahi, sakafu imefagiliwa hadi kwenye pembe. Katika chumba kidogo cha katikati, ukutani, palikuwa na kitu kimefunikwa blanketi. Nikalifunua. Kilikuwa kioo cha kujitazamia, kizima, na ndani yake niliona mawingu yakipita.

"Kifunike," sauti ya mwanamke ilisema kwa upole nyuma yangu. "Mvua inaweza kurudi."

Alikuwa mama mkwe, mkono ndani ya plasta, shali mabegani. Aliniambia kwamba ngurumo zilipoanza alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Alifunika kioo kisivute radi, akaketi sakafuni chini yake, akanyamaza kimya. Paa likaondoka. Kipande cha ubao kikamwangukia mkononi. Lakini kuta za chumba kile kidogo hazikusogea, naye akabaki ameketi pale pale, akinyeshewa, akisikiliza kitu kile kikishuka kuelekea mikaratusini.

"Kitu gani, mama?"

Alimtazama mumewe, na mzee ndiye aliyejibu. Ilikuwa inkanyamba, nyoka mkubwa wa majini anayeruka kutoka bwawa hadi bwawa. Akiona paa linang'aa anadhani ni maji, anashuka. Ndiyo sababu huku kwao watu hupaka mapaa rangi isiyong'aa. Hata mtoto mdogo anajua. "Tulimpa rangi," mzee alisema, na sauti yake ilitetemeka. "Mke wangu hawezi kumwamrisha mkwe wake, si adabu. Alimwekea mkebe chini ya ngazi. Chini ya ngazi, mwanangu! Ngazi inakwenda wapi kama si juu ya paa? Akaupita, akapaka mlango. Hiyo ni dharau. Na dharau yake ikamvunja mwenzangu mkono."

Niliomba ruhusa nikatoka mbio hadi getini.

"Ile rangi," nilimwambia fundi, "ilikuwa ya paa."

Alinikazia macho. Nikamweleza yote, nyoka na maji na ngazi. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Na mi nilipaka mulango!"

"Ulipaka mlango."

"Mais... lakini Mama, angemutuma hata mutoto aniambie!"

"Alikutumia mkebe."

Alianza kucheka, kicheko kile kinachomshika mtu msibani, nami nikacheka pamoja naye, kisha nikaona machozi yanamtoka na si ya kicheko. Alisema, "Banafikiri niliwadharau." Mkono uliovunjika ulikuwa umemuuma siku zote hizo, lakini hili lilimuuma zaidi, na halikuwa jambo la futi yangu kupima.

Nilirudi ndani kufanya ninachokiweza. Nikapanda ngazi nikaangalia kichwa cha ukuta, na hapo moyo ukanishuka. Nyumba ya bloku hufungwa paa kwa waya. Waya hulazwa ndani ya ukuta wakati wa kujenga, ncha zake huachwa juu, na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, hufungwa kwa ncha hizo. Upepo ukishinda, huwa nakuta ncha zilizokatika, au tundu zilizoachwa na waya uliochomoka. Hapa sikukuta ncha wala tundu. Juu ya ukuta palikuwa pasafi, kana kwamba hapakuwahi kufungwa chochote. Paa lililokalia ukuta kwa uzito wake tu huondolewa na upepo mdogo, na nilichokuwa nakiona kilinitaka niandike daraja la chini na, pembeni, ujenzi mbovu.

"Unaona?" mzee alisema kutoka chini. "Hakufunga."

Niliuliza kenchi ziko wapi. Nyingine zilikuwa kuni tayari. Mabati yalikuwa yamenyooshwa na kugawiwa majirani walioumia zaidi. Waya wowote uliookotwa ulikuwa unafunga zizi la mbuzi. Nilitamani kulia. Nikaenda hadi kwenye ua nikamwita fundi upande wa pili.

"Ulifunga waya?"

"Mama!" Aliumia, nikaona. "Nilifunga kila kenchi. Waya mara mbili, chini ya kozi ya pili."

"Mstari wa pili wa bloku kutoka juu?"

"Njo vile."

Nikageuka nikautazama ukuta tena. Kutoka dirishani hadi juu. Nikahesabu mistari ya bloku ya upande ule, nikahesabu ya chumba kidogo cha katikati ambacho hakikuguswa. Haikuwa sawa. Ukuta wa nje ulikuwa mfupi kuliko ulivyojengwa, na majirani walikuwa wamefagia vumbi la juu yake wakidhani wanasafisha. Nadhani nilipiga kelele, maana mama mkwe alitoka nje.

"Mikaratusini kumesafishwa?" nilimuuliza mzee.

Kulikuwa hakujasafishwa. Hakuna aliyetaka kukanyaga mahali nyoka alipopita. Ningeweza kumkumbatia nyoka.

Tulishuka, mimi ndani ya ua na fundi nje yake, hadi ua ulipokwisha tukawa pamoja. Mikaratusi mingi ilikuwa imekatika katikati ya shina, miti minene yenye mizizi iliyoshika vizuri, na hilo peke yake lilinitosha kujua upepo haukuwa wa mchezo. Katikati yake, umeegemea mashina yaliyobaki, ulikuwepo upande mzima wa paa. Mabati yake bado yalimeta. Na chini ya kenchi, zikining'inia kwa waya, zilikuwepo bloku. Mstari mzima wa bloku, na chini yake vipande vya mstari mwingine, vimeshikana kwa simenti kama siku vilipojengwa.

Fundi alipiga magoti kwenye majani.

"Matofali yangu," alisema.

Nilipima kila kitu mara mbili, kwa sababu nilikuwa nataka sana jibu liwe lile nililolitaka, na mtu wa namna hiyo hafai kuaminiwa. Lakini halikubadilika. Waya haukuchomoka. Haukukatika. Paa lilipovutwa, lilishikilia ukuta kwa nguvu hadi ukuta ukakubali kwenda nalo. Nilimwambia fundi hapo hapo, na sikumficha sehemu ya pili. Alifunga vizuri sana, lakini alifunga juu mno. Angeulaza waya chini zaidi, chini kabisa, upepo ungelazimika kuinua ukuta wote, na upepo ule usingeweza.

Nilidhani ataumia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake una dawa.

"Chini mpaka wapi, Mama?"

"Ningekuwa mimi, mpaka msingi. Na juu ungemwaga lenta ya zege, izunguke nyumba nzima."

"Mpaka msingi," alirudia, na vidole vyake vilikuwa vinaonyesha tayari hewani.

Vijana wa jirani walioona sisi hatujamezwa walishuka kutusaidia. Tukakata kipande kimoja cha mbao pamoja na bloku zake, tukakipakia kwenye bakkie, tukakishusha mbele ya geti. Mzee alitoka. Alikuwa amefanya kazi ujana wake wote kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg, akifunga kamba za chuma za lifti iliyowashusha wenzake ardhini. Aliweka buti juu ya bloku, akauzungusha waya mkononi na kuvuta kwa mwili wake wote, mara moja, tena, hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Bloku ilisogea na mbao ikasogea nayo. Aliachia akasimama akihema.

"Umetoa daraja gani?" aliniuliza.

"Mbili."

"Kati ya ngapi?"

"Tano."

"Mbili tu? Na mkono wa mke wangu?"

Kila mahali naulizwa hivyo. Hakuna mtu anayetaka msiba wake upewe mbili. Nilimweleza kwamba mbili ndiyo inayokata miti kama ile na kubeba paa pamoja na ukuta wake, kwamba kama nyumba ingekuwa haikufungwa ningeandika chini ya hapo, na kwamba kosa lililokuwepo ni la kina cha waya, na si la uvivu wala dharau. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili fundi, aliyesimama kando ya bakkie, asikie neno la mwisho.

"Na nyoka?" mzee akasema.

"Baba, simpimi nyoka. Napima alikopita. Amepita juu ya mapaa yaliyopakwa rangi kule kijiji cha juu, amepita juu ya miti isiyo na paa kabisa."

"Chini ya miti kuna bwawa," alijibu mara moja.

Nikasalimu amri. Hata hivyo hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anaitazama ile bloku, kisha akasema, bila kumtazama mtu yeyote, "Aliyefunga hivi anajua kufunga." Halafu akaingia ndani, akalifunga geti nyuma yake.

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Nilikuwa na hasira hadi masikio yalikuwa ya moto. Nilikuwa nimempa mzee ukweli wote nilionao, na bado geti limefungwa. Fundi alikunja futi taratibu, akaipangusa matope, akanipa. "Aksanti, Mama. Mi sasa ninajua. Inatosha."

Haikutosha, na wote wawili tulijua.

Ndipo mama mkwe alipotoka. Alikuja na mkebe, ameubana kwapani upande wa mkono mzima. Ulikuwa umebonyea, na rangi ya kijani iliyokauka imemwagika kandokando ya mdomo wake. Alishuka ua wote polepole. Nilingoja ajifunike uso kwa shali kama inavyompasa, hata fundi aligeuka upande ili asimtie aibu. Hakujifunika. Alifika getini, akauweka mkebe juu ya nguzo, akalivuta komeo kwa mkono wake mmoja, akalisukuma geti hadi likagonga ua.

"Mkhwenyana," alisema. Ndilo neno lao la mkwe. "Mlango umependeza. Huo mlango ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Sasa paka paa."

Fundi aliupokea mkebe kwa mikono miwili, akiwa ameinama. Alisema, "Ndiyo, Mama," kwa Kizulu, na akavuka.

Hakukaa sana. Walimpa chai kwenye kikombe kama changu, akazunguka kuta na mzee akimwonyesha kwa kidole, na kwa mbali nilimwona mzee akiinama kuonyesha msingi, kisha wote wawili wakiinama. Mama mkwe alitikisa mkebe sikioni, akakunja uso, akasema jambo lililowachekesha.

Tuliporudi barabara kuu, fundi alimpigia mkewe simu, wakazungumza Kizulu kwa sauti ya wazi ndani ya gari. Nyuma yake nilisikia mashine za kukaushia nywele za Jules, na watoto wao wakigombana kwa Kiingereza.

"Walikuacha uingie?" mkewe aliuliza.

"Mama amesema rangi iliyobaki haitatosha," alisema. "Amesema nije na nyingine. Krismasi."

Nikasikia zile mashine zikizimwa moja baada ya nyingine. Nilijifanya natazama vioo vya pembeni. Sikuona chochote ndani yake, macho yalikuwa yamejaa, na ilinibidi nisimamishe bakkie kando ya barabara hadi niweze kuendesha tena. Fundi alikuwa bado ameshika simu sikioni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ule mkebe mapajani, maana alitaka kuuonyesha dukani wampe kijani kile kile.